Jumamosi Mimi Ni Mwanamume

Walukuba, Jinja
14 Oktoba 1979

Mjomba wangu mpendwa Asadu,

Asalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute unapumua vizuri, wewe na Mama Namono, na migomba yenu hapo chini ya mlima Wanale. Sisi huku tupo. Nulu ameota meno manne na kazi yake ni kuuma. Chumvi ilionekana wiki hii, sabuni bado, tunafulia majani ya mpapai. Barua anakuletea Masaba, yule anayeleta vitunguu sokoni kwetu. Posta imefunguliwa lakini ukiingia unakuta kaunta tu.

Nimepata kazi, Mjomba! Kiwanda cha nguo kimewasha mashine chache, wakaita watu, wanaume hawakutosha. Naunga nyuzi zinazokatika. Siku ya kwanza vidole vilivimba kama mihogo, sasa vimezoea. Mchana Nulu anakaa kwa jirani yangu Kulusumu, mjane mwenye mdomo unaomtosha yeye na sisi wengine wote.

Sasa neno lenyewe. Kule ofisi ya nyumba kuna karani mpya, Bwana Mugweri. Amebandika tangazo: nyumba ambayo mpangaji wake hajaonekana mpaka mwisho wa Aprili itapewa mtu mwingine. Nyumba yangu imeandikwa jina la Sebit. Nikaenda kumwambia, bwana, mimi ni mfanyakazi kama alivyokuwa mume wangu, nyumba ni za wafanyakazi, niandike mimi. Akatoa karatasi ya kanuni za zamani, ya Kiingereza, akaweka kidole kwenye kanuni ya nne. "Soma hapa. Mfanyakazi ni 'he'. Nyumba atakaa 'he' na mke wake. Wewe ni mke wake. 'He' yuko wapi?"

Mimi niliishia darasa la nne, Mjomba, lakini hilo neno nalijua. 'He' ni yeye mwanamume, 'she' ni yeye mwanamke. Nikamuuliza, na sisi tunaosema yeye kwa kila mtu, Mungu alitukosea? Akacheka. Akasema Kiswahili ni lugha ya askari, karatasi ya nyumba haina mambo ya askari.

Wewe ulikuwa karani hapa Jinja zamani, na Kiingereza unakijua mpaka ndani. Niambie, hilo neno kweli linanifungia mlango?

Ni mimi, mtoto wa dada yako, nimesimama mlangoni na sijatoka,
Zaituni

*

Mbale
25 Novemba 1979

Mwanangu Zaituni,

Alaykum salaam. Masaba alifika na barua yako, imekunjwa ndani ya soksi, kwa sababu kwenye kizuizi cha barabarani waliwapekua hadi viatu. Askari mmoja wa Tanzania aliisoma yote, akamwambia Masaba, "Huyu binti Kiswahili chake kinachechemea lakini kinakwenda." Nakupa sifa hiyo uile na chai bila sukari. Mama Namono goti linamsumbua. Kahawa ya mwaka huu tumeivuna vizuri, tatizo ni magunia.

Kuhusu neno lako. Wanaotunga sheria za Kiingereza hudai kwamba 'he' hubeba watu wote, wanaume na wanawake. Ndivyo nilivyofundishwa. Lakini neno linafanya kazi ya yule anayelishika. Na nikuambie jambo jingine: Waingereza wenyewe wakiwa jikoni hawasemi hivyo. Mtu akisahau mwavuli wake, nao hawajui kama ni mwanamume au mwanamke, watamwita 'they', kana kwamba ni wengi. Mimi niliandika hivyo shuleni nikachapwa viboko vinne. Kisha nikaja ofisini nikamsikia mke wa meneja anasema hivyo hivyo kila siku, wala hakuna aliyemchapa.

Ushauri wangu ni huu: usipigane na karatasi. Adrisi, binamu yake Sebit, si yuko Budondo? Aandikwe yeye. Ni wino tu. Wewe kaa ndani na mtoto wako.

Hujaniandikia neno hata moja juu ya Sebit mwenyewe. Alipanda lori Aprili kukimbia vita. Sasa ni Novemba.

Anayekuombea pamoja na goti la Mama Namono,
Mjomba wako Asadu

*

Walukuba
16 Desemba 1979

Mjomba mpendwa,

Asalaam alaykum. Mpe Mama Namono pole ya goti, Kulusumu anasema achue kwa mafuta ya ufuta yakiwa na moto kidogo. Nulu anasimama akishika ndoo, kisha anasahau kwamba anashika, kisha kilio. Mvua imekatika, ziwa limetulia, usiku milio ya bunduki imepungua.

Ya Adrisi nimeyafikiria. Nimekataa.

Usikasirike kwanza, sikiliza. Adrisi ni mtu mzuri. Lakini akiandikwa, kesho kutwa ataambiwa na wazee wake, huyu mwanamke yuko katika nyumba yako, mwoe. Naye ataona haya kukataa, na mimi nitaona haya kukataa, na tutajikuta tumeoana kwa haya. Kulusumu naye anasema Adrisi ndoo ya maji hajui ashike upande gani, atashikaje nyumba.

Sasa nikueleze kilichotokea Jumamosi. Karatasi ile ina kanuni ya tisa pia. Inasema mpangaji atazoa mtaro wa mbele ya nyumba yake kila Jumamosi. Mugweri anapita na filimbi yake, mwanamke ambaye hajazoa anaandikwa jina, akiandikwa mara tatu bomba la maji la mstari wenu wa nyumba linafungwa siku nzima. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja mtaroni, matope mpaka magotini. Nikamwita, "Bwana Mugweri, kanuni ya tisa nayo si imeandikwa 'he'?"

Akasema, "Ndiyo."

"Basi sisi hapa tunafanya nini?"

Akajikohoza. Akasema hapo 'he' ina maana ya kila mtu, ndiyo desturi ya Kiingereza.

Kulusumu akasimama na koleo lake. "Ngoja, karani. Kwenye nyumba 'he' ni mwanamume. Kwenye mtaro 'he' ni sisi wote. Kwa hiyo Jumamosi mimi ni mwanamume?"

Walicheka mpaka Mama Mubaraka akakaa kwenye matope. Mugweri akapuliza filimbi ingawa hakuna aliyekimbia. Mimi sikucheka sana. Labda kwa sababu wewe umeniambia neno linabeba watu wote, na mimi nimeona mahali linapotubeba: matopeni tu.

Umeniuliza juu ya Sebit. Nitakuambia wewe, na hakuna mwingine anayejua. Mwezi wa tano dereva wa lile lori alikuja hapa. Walisimamishwa kabla ya Soroti. Waliochagua watu wa kushusha walichagua kwa alama za kabila usoni. Sebit aliwaambia, mimi ni fundi wa mitambo ya kufuma, sijawahi kushika bunduki. Walimwambia Mnubi ni Mnubi, wote ni askari wa serikali iliyoanguka. Dereva alimfunika kwa turubai lake, na hilo ndilo alilokuja kuniambia, kwamba alifunikwa.

Nilikaa eda yangu nikiwa natembea, Mjomba. Miezi minne na siku kumi sikupaka wanja wala mafuta, sikujifukiza. Watu waliponiona nimechakaa walidhani ni njaa. Nikisema amekufa, nyumba haina 'he'. Nikisema amesafiri, naruhusiwa kungoja. Basi nimekuwa nikisema amesafiri. Kila siku namsafirisha.

Nimechoka kumsafirisha.

Mtoto wako ambaye leo ameandika kirefu,
Zaituni

*

Mbale
2 Machi 1980

Mwanangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Barua yako ilifika kabla ya Maulidi. Masaba amepita hapa mara mbili akauliza kama nina jibu, na mara mbili nikamwambia bado. Mama Namono ameacha kuniuliza, ananiwekea tu karatasi mezani pamoja na chakula.

Nilimpenda Sebit. Alipokuja kukuposa alikarabati redio yangu bila kuombwa. Tumemsomea hapa, mimi na Mama Namono peke yetu, madirisha yamefungwa, kama ulivyotaka siri.

Lakini hilo silo lililonichelewesha. Zile kanuni za Mugweri nilizipiga taipu mimi.

Ilikuwa mwaka wa sitini na tatu. Meneja alikuwa anarudi kwao Ijumaa, akanipa rasimu Alhamisi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno haya: popote karatasi hii inaposema 'he', ieleweke ni kila mfanyakazi, mwanamume au mwanamke. Maneno yote hayakuenea, Zaituni. Stensili za mashine ya kurudufu zilikuwa mbili tu kabatini, na mimi nilikuwa na maneno ya kujaza stensili mbili na mistari minne zaidi. Nikatafuta cha kukata. Nikaona maneno yale ni mapambo. Mimi nilijua 'he' hubeba watu wote, nilichapwa viboko ili nijue. Nikakata mistari minne hiyo. Meneja akatia sahihi bila kusoma, mkononi ana tiketi.

Mwaka uliofuata palikuwa na Namukose, msokotaji nyuzi. Mumewe alikufa kwa homa. Wakamtoa kwenye nyumba kwa kanuni ya nne. Mimi ndiye niliyebeba daftari siku ile. Ningeweza kusema, jamani, kulikuwa na maneno mengine. Sikusema. Niliogopa kuulizwa kwa nini niliyakata. Alibeba godoro kichwani, na alipopita karibu nami alinisalimia.

Ndiyo maana nilikuambia wino tu. Nilitaka iwe wino tu.

Sasa halmashauri ya hapa inatafuta makarani, nami nimeomba. Nikikiri kwamba nilikata karatasi ya ofisi, unajua itakavyokuwa. Nimekuambia wewe. Zaidi ya hapo sijui kama nina nguvu.

Mjomba wako, aliyeandika barua hii mara tano,
Asadu

*

Walukuba
23 Machi 1980

Mjomba,

Asalaam alaykum. Tu wazima. Nulu anatembea. Mvua imeanza.

Nilikukasirikia siku tatu. Siku ya kwanza niliwaza mistari minne. Siku ya pili nilimwaza yule mama na godoro lake. Siku ya tatu niliwaza kwamba ungeweza kuninyamazia mpaka kaburini nisijue, nawe hukuninyamazia. Basi nimekupenda tena, lakini bado nimekasirika kidogo, ujue.

Sikuombi uje. Sikuombi utie sahihi. Hiyo ni yako na Mungu wako. Mimi nina yangu.

Jumamosi iliyopita hatukuzoa mtaro. Hatukupiga kelele wala kumtukana mtu. Tulioga, tukavaa, tukakaa kwenye vizingiti vyetu, watoto mapajani. Mugweri akapita na filimbi. "Mbona mmekaa?"

Nikamjibu, "Tunamngoja 'he', bwana. Karatasi imemtaja yeye, sisi hatutaki kumnyang'anya kazi yake."

Akasema atafunga bomba. Kulusumu akamwambia, "Funga. Ziwa lipo hapo chini, halijui Kiingereza."

Amefunga. Tunateka ziwani, ni mbali, shingo zinauma. Jana pia hatukuzoa. Wanaume wawili watatu walitoka na koleo, wake zao wakawaangalia tu, wakarudi ndani. Maji ya mtaro yamesimama, yana rangi ya chai isiyo na maziwa. Na mtaro wetu, kama unakumbuka, unateremka kupita ofisi ya nyumba, unaishia mlangoni kwa Mugweri mwenyewe.

Tumeambizana: mpaka 'he' awe mmoja. Ama atubebe kwenye nyumba na mtaroni, ama aende akazoe.

Naogopa, Mjomba. Mbu ni wengi, na Nulu alilala na joto juzi. Limeshuka. Lakini sitoki.

Zaituni

*

Mbale
20 Aprili 1980

Mwanangu,

Nakuandika nikiwa nimesimama, Masaba anawasha gari. Ndani ya barua hii kuna karatasi ya pili. Nimeandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili maneno yale niliyoyakata, mwaka, jina la meneja, na kwamba aliyekata ni mimi. Nimetia sahihi, na imamu ametia sahihi kwamba sahihi ni yangu. Halmashauri wakisikia na wasikie. Mama Namono amesema kahawa haiulizi mtu alikata nini.

Mpelekee Mugweri. Mpelekee mkubwa wake. Soma kwa sauti.

Asadu

*

Walukuba
8 Juni 1980

Mjomba wangu mpendwa,

Asalaam alaykum wa rahmatullahi. Kwanza goti la Mama Namono, limeitikaje ufuta? Pili, Nulu amesema neno la kwanza, na ni "hapana". Kulusumu anajisifu kwamba amelifundisha yeye. Tatu, samahani kwa kuchelewa. Gari la Masaba lilikufa Tororo mwezi wa nne, na mwezi wa tano kukawa na mabadiliko ya serikali huko Kampala, magari yakasimama, wewe mwenyewe unajua. Masaba alikaa huko zaidi ya mwezi analinda vitunguu vinavyochipua. Karatasi yako imenifikia Ijumaa ya wiki iliyopita. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Nikueleze yalivyokwisha.

Mwisho wa Aprili mvua ilishuka usiku na mchana. Mtaro ulijaa, ukapanda, ukaingia ofisini, ukaingia kwa Mugweri. Tulimwona anatoa kuku wake kwa beseni. Siku ya pili akaitisha mkutano, akaja na mkubwa wa kamati ya nyumba, injinia Wanzala wa kiwandani. Watu walijaa uwanja mzima, wenye miavuli na wenye majani ya ndizi.

Mugweri akasoma kanuni ya tisa. Injinia akamuuliza, "Na ya nne inasemaje?" Akasoma. Injinia akavua miwani, akaifuta. Akasema, "Mugweri, huyu 'he' mbona anabadilika njiani?"

Watu walicheka, mimi nikadhani tumeshinda. Lakini injinia akanigeukia. "Mama, nyumba unayoidai ina mpangaji. Daftari linasema amesafiri, na wewe ndiye uliyesema hivyo. Siwezi kumwandika mtu juu ya mtu. Mumeo yuko wapi?"

Hapo watu wote wakanitazama, Mjomba. Wengine pale ndugu zao waliuawa na askari wa serikali iliyoanguka, na kwao Sebit na askari wale walikuwa kitu kimoja. Nilijua nikisema amekufa, kuna watakaosema moyoni, vizuri. Pengine hata mdomoni. Kulusumu akamchukua Nulu mikononi mwangu.

Nikasema, "Mume wangu Sebit aliuawa mwaka jana mwezi wa nne, njiani kwenda Soroti. Hakuwa askari. Nusu yenu hapa nguo mlizovaa zimefumwa na mashine aliyoitengeneza yeye. Niliwadanganya kwamba amesafiri kwa sababu karatasi hii inamjua yeye tu, hainijui mimi. Sasa mimi ndiye mpangaji. Niandikeni au nitoeni, lakini sitasema tena kwamba amesafiri."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mnubi huyo!" Mama Mubaraka, ambaye mwanawe wa kwanza alichukuliwa na wale askari na hakurudi, akageuka, akamwambia, "Funga mdomo wako. Mimi huyu nimezoa naye mtaro." Basi.

Injinia akamwambia Mugweri afungue daftari hapo hapo, mvua inanyesha. Mugweri akaandika "Mke wa Sebit". Nikaona. Nikamwambia, hapana bwana, andika Zaituni. Akafuta, akaandika Zaituni. Mimi na wajane wengine wanne, wote tumeandikwa, Kulusumu kwanza kwa sababu alisukuma. Na alasiri ile ile mtaro tuliuzoa, Mjomba, wanawake na wanaume. Hata injinia alishika koleo, japo kwa kuonekana tu.

Sasa karatasi yako. Niliipeleka ingawa tumeshinda. Nilimsomea Mugweri kwa sauti kama ulivyosema, ya Kiswahili yote, na ya Kiingereza nusu, na nusu nyingine akanisaidia yeye. Aliirudia mistari ile kwa kidole. Kisha akasema, "Kwa hiyo yalikuwapo tangu mwanzo." Kamati imeamua kanuni zipigwe upya, mpangaji aitwe 'they', kama mke wa meneja alivyokuwa akisema. Mugweri anadai ni Kiingereza kibaya. Kulusumu amemwambia kibaya ni kile kilichotaka kututoa nyumbani. Hawana mpiga taipu. Nimewatajia jina lako. Injinia ameuliza kama unaweza kuja, na mara hii stensili ziko sita.

Na nilimuuliza mzee mmoja wa kiwandani juu ya Namukose. Yuko Bugembe, ana wajukuu. Sikumwendea. Huyo ni wako wa kumwendea.

Nina ombi moja. Sebit hajasomewa hitima hapa kwake. Nataka asomewe kabla ya Ramadhani, tarehe ishirini na tisa, mchana, madirisha wazi, watu waingie wanaotaka. Adrisi ataleta mchele kutoka Budondo. Nimeazima mikeka saba. Ofisi ilitaka jina la mwenye nyumba atakayesimamia mkusanyiko, nimeandika langu.

Njoo, Mjomba. Njoo na Mama Namono. Ukifika Walukuba usiulize nyumba ya Sebit. Uliza nyumba ya Zaituni, utaonyeshwa.

Mwenyeji wako,
Zaituni